Chanjo ukachomwe wapi: zahanati, hospitali ya kulipia au kwa maafisa afya wa mipakani

Mwanangu wa kwanza alimaliza chanjo zake zote kwenye zahanati ya serikali ya mtaani kwetu. Wa pili, kwa kuwa nilikuwa nimepata kazi nzuri na kiburi kidogo, nikampeleka hospitali ya kulipia. Baadaye mume wangu alichomwa ya homa ya ini B akiwa na miaka 38, na mama yangu mzazi naye akapata nafasi ya kwenda kuhiji. Kwa hiyo nimekaa mabenchi yote: la mbao lisilo na mgongo, viti vya plastiki chini ya kiyoyozi, na lile la ofisi ambayo haina mtoto hata mmoja na kila mtu kashika pasipoti.

Watu huniuliza bora wapi. Nami huwauliza kwanza anachanjwa nani, na akimaliza anataka kutoka na karatasi gani mkononi. Wakishanijibu, kuwaelekeza ni rahisi. Nazungumzia Tanzania, hasa Dar es Salaam ninakoishi. Aliye Nairobi au Kampala atakuta mpangilio unafanana, ila ratiba zina tofauti zake.

Mtoto: zahanati au hospitali ya kulipia

Chanjo zilizo kwenye ratiba ya taifa hazilipiwi. Akizaliwa, mtoto hupata BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anapata ile ya tano kwa moja ambayo masista wanaiita Penta. Hiyo inakinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na kimelea cha Hib kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Siku hizo hizo anapata chanjo ya nimonia na matone ya polio. Matone ya kuzuia kuhara kwa virusi vya rota ni wiki ya 6 na ya 10, na wiki ya 14 kuna sindano ya polio pia. Halafu kimya mpaka miezi 9, surua na rubela, kisha miezi 18, surua na rubela tena. Hiyo ya miezi 18 ndiyo wazazi wengi huiacha. Mtoto anakimbia uani, kadi iko chini ya nguo kabatini, na hakuna anayeumwa wa kumkumbusha mtu.

Zahanati inakupa haya yote bila kukudai shilingi ya chanjo. Inachokudai ni asubuhi yako. Uwe umefika kabla ya saa 2, usikilize somo la afya, mtoto avuliwe na kuning'inizwa kwenye mizani, uzito uandikwe, ndipo uingie chumba cha sindano. Hospitali ya kulipia inakupa miadi, Jumamosi na saa za jioni pia, daktari anayempima mtoto kabla ya sindano, na foleni ya watu watatu. Kwa mama aliyeajiriwa na bosi asiyeelewa, hilo si jambo dogo, na simcheki mtu anayelipia muda.

Lakini kuna kitu kimoja kinachowaudhi sana watu zahanati, na wengi hawajaelezwa sababu yake. Ni pale unaporudishwa nyumbani ukiambiwa "leo siyo siku ya surua."

Nakumbuka nilivyoenda na mwanangu wa miezi 9. Nilifika saa 1 na nusu. Sista alikuwa na kikasha cha barafu mezani, pembeni ameweka ndoo ya sindano zilizotumika, akaja mlangoni akatuhesabu kwa kidole.

"Wa surua mpo wangapi? Watano. Mama Nasra, hebu ngojeni kidogo, tuone kama watakuja wengine."

"Sista, mimi natakiwa kazini saa 4."

"Najua mama. Njoo nikuonyeshe."

Akanionyesha kichupa chenyewe. Ni kidogo kuliko kidole gumba, ndani mna ungaunga uliokauka chini. Kichupa hicho kilikuwa cha dozi 10. Ukishaumimina ule ungaunga kwenye maji yake na kuutikisa, saa zinaanza kuhesabika: ndani ya saa 6, au kliniki ikifungwa kabla ya hapo, kinachobaki kinamwagwa. BCG ni hivyo hivyo, na kichupa chake kina dozi 20. Penta ni maji tayari, kwa hiyo kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutunzwa hadi siku 28 ilimradi friji imebaki kati ya nyuzi 2 na 8. Ndiyo maana Penta unaipata siku yoyote, ila surua na BCG vituo vingi vimevipangia siku. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwani mtoto aliyerudishwa huenda asirudi tena. Sista naye anawaza kichupa kitakachobaki na ripoti atakayoiandika mwisho wa mwezi. Siku ile alifungua tukiwa saba.

Kwa hiyo kabla hujapanda bodaboda, piga simu au muulize jirani mwenye mtoto: siku ya surua ni lini, siku ya BCG ni lini. Ukirudishwa mara mbili mfululizo, hapo sema, na usione aibu kumwona mganga mfawidhi wa kituo.

Nikiwa pale pale nilijifunza kusoma kibandiko. Vichupa vinavyokuja kupitia mpango wa taifa vina alama ya duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka, chanjo haijaungua na joto. Mraba ukifanana na duara au ukawa mweusi zaidi, haifai. Muombe sista akuonyeshe. Wangu alifurahi kuulizwa, maana alisema kwa mwaka mzima hakuna mama aliyewahi kumuuliza. Kwa hospitali ya kulipia iliyojinunulia chanjo yake, mara nyingi sindano inakuja imeshajazwa dawa kutoka kiwandani na kibandiko hicho hakipo, kwa hiyo unaliamini friji lao na jenereta lao.

Hapo nimegusa jambo ambalo wanaolipa hawalijui. Hospitali nyingi binafsi na za mashirika ya dini huchukua chanjo za ratiba halmashauri, zile zile zilizopo zahanati. Chanjo ni bure, lakini utalipia faili na kumuona daktari. Nyingine zina chanjo za serikali upande mmoja wa friji na za kununua upande wa pili. Swali la kuuliza dirishani ni moja: "Hii ni ya serikali au ya kwenu?" Ikiwa ni ya serikali, umelipia kiyoyozi. Kama ni uamuzi wako, sawa.

Ya kwao ina tofauti ya kweli? Kwa mtoto wa pili nilichukua ile ya sita kwa moja, inayounganisha Penta na sindano ya polio. Mtoto anachomwa mara chache, na kwa kuwa kifaduro kilichomo kimetengenezwa kwa vipande vya kimelea badala ya kimelea kizima, homa na uvimbe wa paja huwa ni kidogo. Nililiona hilo. Mkubwa alilia usiku kucha baada ya Penta ya kwanza na paja likawa gumu kama embe bichi, mdogo alilala. Ila kwa bei niliyolipa ziara moja, na ziara ziko tatu, ningenunua mbuzi. Kinga ya magonjwa yale ipo kwenye zote mbili. Kilichoongezeka ni usiku wa usingizi.

Halafu ikaja wiki ya 14. Nikapiga simu hospitali ile kuhakikisha, wakasema dawa imekwisha, "labda wiki tatu zijazo." Hakuna aliyenipigia kunijulisha. Nikarudi zahanati ileile nikiwa nimeinamisha uso. Sista akaifungua kadi, akasoma stika za zile dozi mbili, akasema hakuna haja ya kuanza upya, tunaendelea na Penta pale pale ulipoishia, na polio ya sindano tunampa. Ndivyo ilivyo: dozi iliyokwisha kutolewa haipotei, na mtoto aliyechelewa anaendelea tu. Mama anayeogopa kugombezwa kwa kuchelewa akabaki nyumbani ndiye anayemkosesha mtoto, siyo kalenda.

Tofauti nyingine ni chanjo ambazo zahanati haina kabisa: tetekuwanga, homa ya ini A, mafua ya msimu, na ile inayochanganya surua, rubela na matubwitubwi. Yetu ya serikali ni surua na rubela tu. Kama mnahamia Marekani na mtoto ataanza shule huko, jueni majimbo mengi yatawadai matubwitubwi, na watamchoma tena ile ya tatu kwa moja. Haina madhara kwa aliyekwisha kupata surua. Usiende kuhangaika kuitafuta kwa bei ya kuruka kabla ya safari, watampa kule. Cha kubeba ni kadi ya kliniki, na kabla hujaibeba uipige picha kurasa zote. Nawajua waliofika Minnesota bila kadi, watoto wakaanza sindano moja baada ya nyingine kama waliozaliwa jana.

Zahanati ina kitu kimoja tena ambacho hospitali ya kulipia haitakupa hata ukiwa na hela: inamfuata mtoto. Kuna huduma ya mkoba, pale wahudumu wanapobeba kikasha na kwenda kijijini au kwenye kitongoji kisicho na kituo, wakachanjia chini ya mwembe au shuleni. Polio ya mwituni, yaani ya virusi vya asili, ilipogundulika Malawi mwaka 2022, walipita nyumba kwa nyumba mikoa ya mpakani wakiweka alama ya wino kwenye kidole cha mtoto. Mtoto wa hospitali ya kulipia naye anatakiwa kupata matone hayo ya kampeni hata kama kadi yake imejaa. Walinzi wa mageti makubwa huko Masaki na Oysterbay, wafungulieni wale akina mama wenye vikasha.

Uamuzi wangu kwa mtoto: zahanati au kituo cha afya kwa ratiba nzima, kisha kama mfuko unaruhusu, hospitali ya kulipia kwa zile za nyongeza. Zote ziandikwe kwenye kadi moja. Kadi mbili ni balaa, kwa sababu kila kituo kinadhani kingine kimefanya.

Kidokezo cha pembeni kwa familia za Tanzania na Kenya: BCG kwetu huchomwa bega la kulia, Kenya huchomwa mkono wa kushoto sehemu ya mbele, chini ya kiwiko. Mtoto wa Namanga aliyezaliwa ng'ambo ya pili akija kwenu bila kovu la begani, angalieni mkono wa kushoto kabla hamjasema hajachanjwa. Na aliyehamia Kisumu au Homa Bay na mtoto mdogo aulize kliniki kuhusu chanjo ya malaria, kwa sababu kaunti za kule zilianza kuitoa tangu Septemba 2019.

Kwa binti mkubwa mambo ni mepesi. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hutolewa shuleni na vituoni, bure. Anayekusudia kuilipia hospitali kwa binti wa miaka 12 anatupa hela. Mwanamke mkubwa zaidi ya hapo au mvulana, huyo ndiye wa hospitali ya kulipia.

Mtu mzima: hakuna anayekutafuta

Ukishatoka kwenye kadi ya kliniki, serikali haikufuati tena, isipokuwa ukiwa mjamzito. Mjamzito ana chanjo ya pepopunda bure kliniki: ya kwanza anapoanza kliniki, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Hizo tano zikikamilika zinamkinga kwa mimba zote zijazo. Wanaume hawana ratiba ya namna hiyo. Fundi ujenzi anapata sindano ya pepopunda siku anapokanyaga msumari, na mara nyingi hakumbuki kama alipata nyingine.

Homa ya ini B ndiyo inayowahusu wengi bila wao kujua. Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002. Ukizaliwa kabla ya hapo, kuna uwezekano mkubwa hukuwahi kuipata. Mume wangu alizaliwa miaka ya themanini, kinyozi wake anatumia wembe wa mashine moja kwa kila kichwa, akasema twende.

Hapa ulinganisho unageuka. Zahanati nyingi haziichomi kwa watu wazima. Hospitali za serikali za wilaya, mkoa na rufaa zinayo mara kwa mara, kwa malipo, na hospitali binafsi zinayo kwa malipo makubwa zaidi. Popote uendapo unapimwa kwanza, maana ukiwa na virusi tayari chanjo haikusaidii na utaelekezwa kwenye matibabu. Kisha dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6. Tulianzia hospitali ya serikali. Kipimo dirisha hili, malipo dirisha lile kwa kontroli namba, sindano jengo jingine. Nusu siku ikaisha. Dozi ya pili tukaichukua hospitali binafsi karibu na kazini kwake kwa dakika 20, kwa bei ya juu. Ya tatu tukarudi serikalini. Dozi zote tatu zilisomeka vizuri kwenye kadi.

Ningeanza tena leo ningefanya hivi: kipimo na dozi ya kwanza serikalini, pale ambapo ukigundulika na virusi kuna kliniki na wataalamu papo hapo, halafu dozi mbili zilizobaki popote penye friji unaloliamini na foleni fupi. Jambo la kuogopa ni kuishia dozi ya kwanza. Andika tarehe ya miezi 6 kwenye simu kabla hujatoka getini, na ukiipitiliza nenda hivyo hivyo, huanzi moja.

Kuhusu kung'atwa na mbwa, usilinganishe bei wala foleni. Kwanza osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, ukiziangalia kwenye saa. Mtu akija na pilipili, mkaa au mafuta ya taa, mfukuze. Kisha nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa siku hiyo hiyo, kwa sababu zahanati nyingi hazina chanjo ya kichaa cha mbwa. Piga simu mbele kuuliza kama ipo, na kama haipo ndipo utafute binafsi. Uliza pia wanachoma kwenye misuli au ndani ya ngozi. Ya ndani ya ngozi hutumia dawa kidogo na Shirika la Afya Duniani linaikubali kwa ziara tatu, siku ya kwanza, baada ya siku 3 na baada ya siku 7, sehemu mbili kila ziara. Jeraha likitoa damu, uliza na kuhusu kinga ya haraka inayochomwa kuzunguka jeraha lenyewe. Ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili hakuna hospitali ya bei yoyote itakayokuponya.

Msafiri: karatasi ndiyo inayosafiri

Kwa msafiri hospitali nzuri kuliko zote mjini inaweza kuwa haina maana, kwa kuwa cheti cha homa ya manjano kinakubalika tu kikitoka kwenye kituo kilichoidhinishwa na serikali chenye muhuri wake. Kwetu kazi hiyo inasimamiwa na maafisa afya wa mipakani, wale unaowakuta kwenye viwanja vikubwa vya ndege, bandarini na kwenye mipaka kama Namanga na Tunduma. Unalipia kwa kontroli namba, unachomwa sindano moja begani, unapewa kile kijitabu cha njano chenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, namba ya toleo la dawa, sahihi na muhuri. Hospitali binafsi inayokuambia "tunachoma na sisi" iulize kitu kimoja: muhuri wa cheti ni wa nani?

Mtaani vyeti vinauzwa. Kila anayefanya biashara ya kwenda Lubumbashi amewahi kuambiwa na mtu stendi kwamba "ya nini usumbuke, nipe jina tu." Mtu huyo anakuuzia karatasi na anakuacha na ugonjwa. Homa ya manjano haina dawa ya kuiua, na Kongo iko katika nchi zenye hatari ya kweli. Mwaka 2016, mlipuko ulipofika Kinshasa na chanjo duniani ikawa haitoshi, wakazi walichanjwa kwa moja ya tano ya dozi ili ienee. Ndugu zetu waliochanjwa kwenye kampeni ile wajue jambo hili: dozi hiyo ndogo iliwakinga, ila haihesabiki kwa cheti cha safari za kimataifa.

Siku zinazohesabika ni 10. Cheti kinaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechomwa Jumatatu na kuruka Ijumaa ana karatasi isiyomsaidia. Na angalia njia, siyo mwisho wa safari tu. Shirika la Afya Duniani linaiweka Tanzania kwenye kundi la hatari ndogo, lakini Kenya, Uganda, Burundi, Kongo na Ethiopia zimo kwenye nchi zenye hatari. Nchi nyingi zinakuhesabu kuwa umetoka huko ukikaa uwanja wao wa ndege zaidi ya saa 12. Wagonjwa wetu wanaokwenda India kutibiwa ndio wanaoumia hapa. Tiketi ya bei nafuu inakuweka Addis Ababa au Nairobi usiku mzima, na India haina mzaha: asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini siku 6. Linganisha bei ya tiketi na saa za kusubiri kabla hujamlipa wakala.

Siyo kila mtu anachomwa. Mtoto chini ya miezi 9, mwenye mzio mkali wa mayai, aliyedhoofika kinga, hao wanaelezwa na daktari na wanaweza kuandikiwa cheti cha kusamehewa. Mjamzito na mwenye miaka zaidi ya 60 anayechomwa kwa mara ya kwanza wanapimiwa kwanza ukubwa wa hatari. Sema umri wako na dawa unazotumia hata kama foleni ni ndefu.

Mahujaji wana lao. Saudi Arabia inadai chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayokinga aina nne, A, C, W na Y, iliyotolewa angalau siku 10 kabla ya kufika. Sharti la aina nne lilikuja baada ya mlipuko wa aina ya W, iitwayo pia W135, miongoni mwa mahujaji mwaka 2000. Kuna chanjo za namna mbili: ya zamani inakubalika miaka 3, ile mpya iitwayo konjugeti miaka 5. Kama aina haikuandikwa kwenye cheti, Wasaudi wanahesabu miaka 3. Kwa hiyo unapochagua mahali, bei isiwe swali la kwanza. Uliza "ni aina gani, na mtaiandika?" Hospitali binafsi inaweza kuwa nayo, maafisa wa mipakani wanaweza kuwa nayo. Mimi kwa haji ningechagua mipakani, kwa sababu cheti cha kimataifa kinajazwa na mkono uliozoea kukijaza.

Mama yangu alipofika pale alikuwa na miaka 66 na mkoba wenye kila karatasi aliyowahi kupewa maishani. Kiongozi wa kundi lao alikuwa ameshawaambia wote wajiandae kuchomwa mbili, ya manjano na ya uti wa mgongo. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa ile ya manjano kwa umri wake. Akatoa kijitabu kilichochakaa pembe, cha enzi zake za kupeleka vitenge Lubumbashi. Kimegongwa mwaka 2009, na mstari wa mwisho umeandikwa kinaisha 2019. Mwenyewe akakiweka mezani kwa haya kidogo.

"Shikamoo mama. Hiki ni cha kwako?"

"Marahaba mwanangu. Ni changu, ila kimekwisha kitambo. Nilikuja nacho tu."

Afisa akakifungua, akalinganisha jina na pasipoti, akaukagua muhuri kwenye mwanga wa dirisha. Akatueleza kwamba tangu Julai 11, 2016 cheti cha homa ya manjano ni cha maisha, na vya zamani vimo, hata kama vimeandikwa miaka 10. Hakuna anayetakiwa kuchomwa tena, wala hakuna wa kuifuta ile tarehe kwa kalamu, maana cheti kilichofutwafutwa kinakataliwa.

Akamrudishia kijitabu. "Hiki kitunze hivyo hivyo, mama. Sasa nipe mkono wa kushoto, tuchome ya uti wa mgongo."